Salsa kwa Anayeanza: Kiuno Hufuata Mguu

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, elimu ya kucheza huanza mapema. Baada ya mavuno hufika msimu wa jando na unyago, na watoto huwatazama wakubwa uwanjani wakawaiga. Sindimba, ngoma ya Wamakonde ambayo baadaye ilijulikana nchi nzima, ni ya upande huo wa kusini. Aliyekulia katika ngoma hizo akitaka kujifunza salsa huwa na mtaji mkubwa. Lakini mtaji huo waweza kumponza, kwani huanza na kiuno akaisahau miguu.

Asili yake

Jina la salsa lilienea kutoka New York katika miaka ya 1970. Mzizi wake mkuu ni muziki wa son wa Kuba, ambamo midundo ya Waafrika waliopelekwa huko utumwani ilikutana na nyuzi za Kihispania. Midundo hiyo si migeni kwa sikio la Mtanzania. Santuri za Kikuba ziliuzwa Afrika tangu miaka ya 1930, na katika miaka ya 1950 bendi ya Cuban Marimba ya Morogoro, chini ya Salum Abdallah, ilivuma sana. Mwaka 1974 Fania All Stars, pamoja na Celia Cruz, walipiga salsa mjini Kinshasa.

Hesabu ya hatua

Salsa huhesabiwa kwa mapigo manane. Miguu hukanyaga katika pigo la 1, 2 na 3, hutulia katika la 4, hukanyaga tena katika la 5, 6 na 7, kisha hutulia katika la 8. Mguu wa kushoto hwenda mbele, wa kulia hukanyaga pale pale, wa kushoto hurudi katikati. Halafu wa kulia hwenda nyuma, wa kushoto hukanyaga pale pale, wa kulia hurudi katikati. Mwenzi anayemkabili mchezaji hufanya kinyume chake.

Muziki wenye mapigo 180 kwa dakika humpa mchezaji theluthi moja tu ya sekunde kwa kila pigo. Katika muda huo mwili hauwezi kwenda mbali na kurudi. Kwa hiyo hatua sharti iwe fupi, kiasi cha urefu wa wayo, ili uzito wa mwili usitoke mbali na miguu.

Siri ya kiuno

Katika sindimba kiuno huendeshwa kwa makusudi, magoti yakiwa yamekunjwa. Katika salsa mambo ni kinyume. Mchezaji hukanyaga goti likiwa limelegea. Uzito unapohamia mguu huo goti hunyooka, nalo la pili hukunjika. Hapo nyonga husogea yenyewe upande wenye uzito. Anayelazimisha kiuno kabla ya uzito kuhama hupotewa na pigo.

Kwa nini mwanzo ni mgumu

Siku za kwanza akili hulazimika kusimamia kila hatua. Kwa kurudiarudia, ubongo mdogo ulioko kisogoni hulinganisha hatua iliyokusudiwa na ile iliyotokea, hurekebisha tofauti, na hatimaye miguu hwenda bila kufikiriwa. Usingizi husaidia kuimarisha mafunzo hayo. Ndiyo maana robo saa kila siku hufaa kuliko saa mbili mara moja kwa juma. Aliyekosea wiki ya kwanza hakukosa kipaji. Ubongo wake ungali kazini.

Hatari ya uwanja

Salsa nyingi hufundishwa juu ya sakafu laini. Juu ya udongo au saruji yenye mikwaruzo msuguano ni mkubwa. Mchezaji akizunguka kwa mguu mmoja, kiatu hushikwa chini huku mwili ukiendelea kugeuka, na goti hubeba msokoto wote. Kano za goti zaweza kuumia, na mkulima mwenye goti bovu hapotezi dansi tu, hupoteza na msimu wa kilimo. Yafaa basi uwanja ufagiliwe na kuondolewa mawe, kandambili ziwekwe kando, na mzunguko ugawanywe katika hatua tatu ndogo, mguu ukiinuliwa kila mara kabla ya kugeuka. Hatua zikishazoeleka bila muziki, ndipo muziki wa polepole uwekwe, na kasi iongezwe kidogo kidogo.