Kujadiliana Ndiko Kujielimisha

Pale Kizota, katika mji wa Dodoma, uko ukumbi ambamo wajumbe wa Chama Cha Mapinduzi walikutana Novemba 2012 kwa Mkutano Mkuu wa Taifa. Kizota hiyo hiyo ina maghala ya nafaka, na wachukuzi wabebao magunia mgongoni. Twauliza: mjumbe aketiye ukumbini na mchukuzi aliyeko ghalani wana haja gani na mazungumzo ya falsafa yaliyoandikwa Ugiriki yapata miaka 2,400 iliyopita? Wako watakaojibu ya kwamba hawana haja nayo kabisa. Sisi twasema wanayo haja kubwa.

Mwandishi wa mazungumzo hayo, Plato, hakutaka kumhutubia msomaji wake. Aliandika watu wakizungumza: mmoja auliza, mwingine ajibu, na jibu lenyewe lazaa swali jipya. Muulizaji mkuu ni mwalimu wake, Socrates, ambaye hakuandika kitabu wala hakutoza ada. Mama yake alikuwa mkunga, naye alipenda kusema ya kwamba kazi yake yafanana na ya mama yake, yaani kuwasaidia wengine kuzaa mawazo yao wenyewe.

Katika zungumzo liitwalo Meno, Socrates amwita kijana mtumwa asiyesoma hesabu, amchorea mraba wenye upande wa futi 2, kisha amwuliza: mraba wenye eneo maradufu ya huu utakuwa na upande wa futi ngapi? Kijana ajibu upesi, futi 4. Wahesabu pamoja, na kumbe eneo limekuwa mara nne. Ajaribu futi 3, akosa tena. Hapo akiri ya kwamba hajui. Socrates hamcheki, bali awaambia waliopo ya kwamba kijana sasa amepiga hatua, kwa kuwa ajuaye kwamba hajui atatafuta. Ndipo amchorea mstari wa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, na kwa kuhesabu mwenyewe kijana aona ya kwamba mraba uliojengwa juu ya mstari huo ndio jibu. Mtumwa aliyedharauliwa ameonyesha ya kwamba akili anayo.

Zungumzo jingine, Jamhuri, lafanyika bandarini Piraeus, nyumbani kwa Polemarchus, mwana wa mzee Cephalus. Thrasymachus, mtu mwenye hasira, asema ya kwamba haki si kitu ila manufaa ya mwenye nguvu. Socrates hamfungi mdomo. Amwuliza: je, wenye nguvu hawakosei? Wakitoa amri ambayo kwa makosa yao yawadhuru wenyewe, kuitii amri hiyo ni haki au si haki? Mkali yule aanza kutoka jasho. Hakushindwa kwa kelele wala kwa cheo. Alitakiwa tu atoe sababu za maneno yake.

Mambo haya si mageni kwetu. Mwalimu Nyerere, aliyefasiri Julius Caesar ya Shakespeare na kuichapisha mwaka 1963, alifasiri pia sehemu ya Jamhuri ya Plato kwa mkono wake. Wazee wetu nao walikaa chini ya mti wakazungumza mpaka wakapatana. Na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kipindi kilipokwisha, watu waliulizana: hapa kwetu malaria yatokana na nini? Maji yetu yachafuliwa wapi? Nasi tutafanya nini? Kisha wakachimba vyoo na kufukia madimbwi, kwa kuwa jibu lilikuwa lao wenyewe.

Lakini hatuna budi kusema ukweli wote. Ugiriki ile ilikuwa nchi ya watumwa, na wanawake hawakuwa na kura. Plato mwenyewe hakuiamini demokrasia. Alitaka wanafalsafa watawale. Tena katika sehemu za mbele za Jamhuri wasikilizaji wa Socrates hujibu mara nyingi "ndiyo", "kweli", "bila shaka", hata mazungumzo yakageuka hotuba. Twaweza kumpinga Plato katika haya, na kumpinga kwa hoja ndiko kumheshimu mwalimu wake.

Hatari hiyo ya "ndiyo" ndiyo hatari yetu pia. Ni nani kati yetu hajawahi kuketi katika mkutano ambao mwenyekiti aliuliza kama kuna swali huku akikusanya karatasi zake? Watu hupiga makofi, hutawanyika, na manung'uniko huanza njiani. Mkutano wa namna hiyo haukumfundisha mtu. Kiongozi hakujua kosa lake, na mwanachama hakuijua sababu ya uamuzi.

Mji wa Athens nao ulichoshwa na maswali. Mwaka 399 kabla ya Kristo mahakama yake ilimhukumu Socrates kifo, akanywa sumu. Waliomshtaki twawakumbuka leo kwa sababu yake yeye tu, na maswali yake yangali yanaulizwa.

Basi yatupasa tuanze pale tulipo, katika shina, katika tawi na mahali pa kazi. Katika kila mkutano na litolewe jambo moja la kweli: bei ya mahindi, maji ya mtaa, usalama wa mchukuzi ghalani. Mwenyekiti aulize na kusikiliza, naye akubali kuulizwa. Anayekosea asichekwe, na anayepinga asiitwe adui. Wahenga walikwisha kutuambia ya kwamba kuuliza si ujinga. Nasi twaongeza: kuogopa kuulizwa ndio ujinga wenyewe.