Kiungulia kinapokataa dawa

Mtu wa Kamina akila bukari na sombe usiku, akajilaza papo hapo, kifua kikaanza kuwaka, ndipo anakumbuka kumeza omeprazoli. Amechelewa. Dawa hiyo hufunga pampu ndogo za asidi zilizo ukutani mwa tumbo, na pampu hizo huamshwa na chakula. Humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kiungulia kingi kinachoitwa sugu hakijapewa dawa ipasavyo.

Mwaka 2019 Stuart Spechler na wenzake walitoa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali za wanajeshi wastaafu nchini Marekani. Waliwapokea wagonjwa 366 waliodhaniwa kutosaidiwa na vidonge. Waliwapa omeprazoli miligramu 20 mara mbili kwa siku, kwa wiki mbili, wakiwaelekeza namna ya kuimeza. Watu 42 wakapata nafuu. Wengine 99 walipopimwa hawakuwa na asidi iliyozidi wala ugonjwa mwingine wa umio. Maumivu yao ni ya kweli, lakini kuwakazia mlango wa tumbo kusingewasaidia. Wengine wakatolewa kwa sababu nyingine, na waliofaa kuingizwa kwenye jaribio lenyewe la upasuaji walibaki 78.

Kwa wagonjwa wa namna hiyo ya mwisho, upasuaji si njia pekee. Daktari anaweza kupitisha mpira wenye kamera mdomoni, akakunja sehemu ya juu ya tumbo kuzunguka mwisho wa umio na kuibana kwa vipini vya plastiki. Katika utafiti wa RESPECT wa mwaka 2015, watu 87 waliokuwa wakirudiwa na chakula kooni walifanyiwa hivyo, kisha wakapewa vidonge visivyo na dawa. Wengine 42 walilazwa usingizi, wakafanyiwa tiba ya kuigiza tu, wakaendelea na omeprazoli. Baada ya miezi 6 adha hiyo iliwaondokea asilimia 67 ya kundi la kwanza, na asilimia 45 ya kundi la pili. Bila hao 42, sifa yote ingekwenda kwa kifaa.

Lakini si kila tiba ya kupitia mdomoni ilifaulu. Enteryx, kimiminika kilichodungwa ukutani mwa umio kigande humo, iliruhusiwa Marekani mwaka 2003. Mwaka 2005 iliondolewa sokoni, baada ya sindano kutoboa ukuta huo na kuleta madhara makubwa, hata kifo.

Anayekwamwa na chakula, anayekonda bila sababu, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asisubiri kujaribu vidonge kwa wiki mbili. Huyo apelekwe kupigwa kamera haraka, hata kama ni kusafiri hadi Lubumbashi.