Ngozi Dhaifu na Kuogelea Katika Nchi ya Baridi

Watu wengi wakaao Njombe na Makambako hudhani ya kuwa ngozi huharibiwa na joto tu, na kwamba mtu aliye katika nchi ya baridi hana haja ya kuiangalia. Fikira hiyo si kweli. Katika nchi ya juu ngozi ina adui watatu, yaani maji, upepo mkavu na jua, na baridi huwaficha wote watatu hata mtu asiwatambue mpaka amekwisha kudhurika. Basi yafaa wale wapendao kuogelea mara kwa mara, hasa wenye ngozi dhaifu, wajue jinsi ya kujilinda.

Kwanza tuitazame ngozi yenyewe. Tabaka lake la juu ni jembamba kama karatasi, nalo limejengwa mfano wa ukuta: chembe ndogo ndogo ndizo matofali, na mafuta yaliyo kati yake ndiyo udongo unaoyashikamanisha. Ukuta huo huzuia maji ya mwilini yasitoke, na vijidudu vya nje visiingie. Wako watu ambao tangu kuzaliwa udongo wa ukuta huo ni haba. Hao huwashwa upesi, na wengine wao wana ugonjwa uitwao pumu ya ngozi, ambao aghalabu huanza utotoni, ukaonekana katika mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Ugonjwa huo hauambukizi, hautokani na uchafu, wala si uchawi. Kwa hiyo si haki kumkataza mtoto mwenye nao asicheze na wenziwe majini.

Wengi hustaajabu wakiambiwa ya kuwa maji hukausha ngozi, lakini ndivyo ilivyo. Mtu akikaa majini muda mrefu, chembe za ngozi huvimba kwa maji, na mafuta yake hupungua. Atokapo, upepo huyakausha maji yale pamoja na unyevu wa ngozi yenyewe, nayo hubaki kavu kuliko ilivyokuwa kabla hajaingia. Mambo haya huzidi toka Juni mpaka Agosti, wakati mvua ni chache, na baridi ya usiku huweza kuwa kali hata sakitu ikaonekana mabondeni. Tena mtu aliyetetemeka hupenda kuoga maji ya moto sana na kujisugua kwa sabuni ya kufulia. Vitu hivyo viwili huondoa hata mafuta machache yaliyosalia. Na wale waogeleao katika mabwawa yaliyojengwa mijini wajue ya kuwa klorini, ile dawa ya kuua vijidudu majini, nayo hukausha ngozi.

Sasa tulitazame jua, maana hapa ndipo baridi hudanganya zaidi. Asubuhi maji ya Mto Ruhuji upitao Njombe ni ya baridi kali, basi mtu huona heri angoje saa sita au saa saba mchana. Na huo ndio wakati jua lina nguvu kupita wakati wote. Miali ichomayo ngozi haionekani kwa macho, wala haifahamiki kwa joto. Kila upandapo mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, miali hiyo huongezeka kwa kadiri ya sehemu 10 katika 100. Na Njombe mjini iko karibu mita 1,900. Tena maji si ngao. Shirika la Afya Duniani laeleza ya kuwa hata nusu mita chini ya maji nguvu ya miali hiyo ni sehemu 40 katika 100 ya ile iliyo juu.

Hatari hiyo ni kubwa kupita kiasi kwa ndugu zetu wenye ualbino, kwa sababu ngozi yao haina rangi ya kutosha ya kuzuia miali. Wengi wao katika nchi yetu wamepatwa na saratani ya ngozi wangali vijana, na saratani hiyo huweza kuzuiwa.

Basi yatupasa kufanya hivi:

1. Kabla ya kuingia majini, jipake mafuta mazito, kama vile vaselini, mahali ngozi ikaukapo upesi. Usipake viganjani wala nyayoni, usije ukateleza juu ya mawe.

2. Vaselini haizuii jua. Mwenye ualbino avae shati la mikono mirefu hata akiwa majini, na kofia pana atokapo, na apake mafuta maalumu ya kuzuia jua, akirudia kupaka kila atokapo majini. Ni heri aogelee baada ya saa kumi alasiri.

3. Usikae majini mpaka ukatetemeka. Ukitoka, jisuuze kwa maji safi ya vuguvugu, na sabuni iwe kidogo, isiyo kali wala yenye manukato mengi.

4. Jikaushe kwa kugusagusa, si kwa kusugua, ukapake mafuta papo hapo ngozi ingali na unyevu. Mafuta ya alizeti yafaa, na vaselini pia.

5. Usiazimane taulo na mtu, maana choa na upele huenea kwa njia hiyo.

6. Usinunue dawa za kupaka zenye steroidi bila shauri la mtabibu. Huonekana kuponya upesi, lakini zikitumiwa ovyo huifanya ngozi kuwa nyembamba na dhaifu zaidi.

Jambo jingine lawahusu washukao Ludewa kuogelea katika Ziwa Nyasa. Kuwashwa baada ya kuogelea huko pengine si udhaifu wa ngozi, bali ni dalili ya kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wa majini na kupenya ngozi kwa dakika chache, hata ngozi isiyo na jeraha. Aliyeogelea huko na aende zahanati akapimwe, ijapokuwa mwasho umekwisha, kwa kuwa dawa iko nayo huponya.

Hali kadhalika asikawie nyumbani mtu ambaye nyufa za ngozi yake zatoa usaha, au zimevimba na kuuma, au amepata homa; wala mwenye ualbino aliye na kidonda kisichopona kwa majuma manne. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika habari ya ngozi maneno hayo ni kweli kabisa, maana ufa mdogo wa kisigino au wa kiganja watosha kuwa mlango wa maradhi. Kuogelea ni mchezo mzuri wa kuupa mwili nguvu, wala mwenye ngozi dhaifu hana sababu ya kuuacha. Na aogelee, ila asidanganywe na baridi.