Kigari cha Beringi na Magonjwa Yake

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya kuhusu kigari cha beringi, namna kinavyougua na namna ya kukitibu.

Kwetu Makueni, na hata kwa jirani zetu wa Kitui, kigari hiki si mchezo wa watoto tu. Wakati wa kiangazi mito kama Kaiti, Thwake na Tiva hubaki mchanga mtupu. Maji huchimbwa mle mchangani au hununuliwa kwenye vibanda. Mtungi wa lita 20 una maji ya kilo 20, na akina mama huubeba mgongoni kwa ukanda unaopita kichwani. Kigari kizuri hubeba mitungi mitatu, yaani kilo 60, kwa safari moja. Kikiharibika, mama anarudi kwenye ukanda wake, nasi wanafunzi wa kutwa tunafika shuleni kengele imeshalia.

Wengi mnakijua: ubao mmoja, ekseli mbili za mti na beringi nne kuukuu kutoka kwa fundi wa pikipiki. Ekseli ya nyuma haisogei. Ya mbele imeshikwa na bolti moja katikati ili igeuke kwa kamba. Sasa tuangalie magonjwa yenyewe.

Ugonjwa wa kwanza ni kuvuta upande mmoja. Watu hulaumu barabara, kumbe ekseli ya nyuma imekaa mshazari. Chukua uzi, upime kutoka bolti ya mbele hadi kila ncha ya ekseli ya nyuma. Urefu ukitofautiana, legeza ekseli, isogeze mpaka pande zote ziwe sawa, kisha uikaze tena. Kama urefu ni sawa na bado kinavuta, inua kigari uzungushe kila gurudumu kwa mkono. Lile linalokwama ndilo linalokivutia upande wake.

Ugonjwa wa pili ni beringi kulegea na kuchomoka. Hapa kosa huwa ni mti mbichi. Mti ukikauka hunywea, na beringi iliyokaza leo itacheza mwezi ujao. Tumia mti uliokaushwa kivulini. Kwetu Ukambani mukau ni mzuri kwa kuwa mchwa hauwezi kwa urahisi. Kabla ya kuchonga, soma nambari iliyo kwenye beringi. Ya 6202 ina tundu la milimita 15, ya 6203 milimita 17, na ya 6204 milimita 20. Kuanzia 04 na kuendelea, zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa 5, utapata tundu. Hesabu si za mtihani peke yake, jameni! Chonga ncha iwe nene kidogo, halafu uipunguze kwa msasa polepole. Ikiwa imeshalegea, zungushia kipande chembamba cha bati. Karatasi haifai, husagika. Mwishoni weka washa na msumari wa kuzuia, lakini toboa tundu kwanza, la sivyo mti utapasuka. Washa iguse ringi ya ndani tu. Ukibana ile ya nje, gurudumu halitazunguka.

Ugonjwa wa tatu ni kelele na kukwama, nao huletwa na mchanga. Usiongeze mafuta juu ya uchafu, maana utakuwa unatengeneza uji wa mchanga. Osha beringi kwa mafuta taa mbali na moto, iache ikauke, kisha upake grisi. Ikiendelea kukwaruza, gololi zimekwisha. Tafuta nyingine.

Ugonjwa wa nne ni ekseli kuvunjika katikati. Katika somo la Fizikia tumefunzwa kuwa kani ikiwa mbali na egemeo, nguvu ya kupinda huongezeka. Mzigo ukikalia katikati ya ekseli, magurudumu yako mbali, basi mti unapinda hadi kukatika. Weka vipande viwili vya mbao kati ya ubao na ekseli ya nyuma, kila kimoja karibu na gurudumu lake, na mitungi mingi ikae nyuma. Mbele kubaki kwepesi, na kona zitakuwa rahisi. Chagua mti wenye nyuzi zilizonyooka, usio na kifundo.

Ugonjwa wa tano hauna dawa ya grisi: kuzama mchangani. Beringi ya 6202 ina upana wa milimita 11 tu, basi hukata mchanga kama kisu. Acha kigari kwenye ardhi ngumu, uifuate mitungi kwa miguu. Wenzetu wa Goma, Kongo, hutumia chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mapana ya mti yaliyovikwa mpira wa tairi. Chombo hicho kimewalisha watu wengi hata kikajengewa sanamu mjini.

Tahadhari kubwa ni mteremko. Kwenye vilima vya Mbooni na Kilungu, kilo 60 hazingoji mtu. Funga kamba nyuma, mtu mmoja akizuie kwa nyuma. Anayekivuta kwa mbele atagongwa miguuni. Na barabara ya lami tuwaachie wenye magari.

Mwisho, usirekebishe mambo matatu kwa pamoja, hutajua lipi limeponya. Badilisha moja, jaribu na mitungi mitupu, halafu na mtungi mmoja uliojaa, ndipo upakie yote. Maji yakimwagika hayazoleki, na kwetu maji hayo yamelipiwa. Mwenye dawa nyingine ya beringi aje atueleze chamani. Kwa hayo machache nakomea hapo.