Mchuzi mzito wa nyama hauhitaji bia: Ladha imo kwenye shayiri, si kwenye kileo



Ndugu wasomaji, siku chache baada ya Iddi alinijia mama mmoja wa hapa Maisaka akiwa na wajukuu wake wawili. Watoto walikuwa wanaharisha na kulalamika tumbo tangu usiku. Nilipomuuliza walikula nini, mama yule alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu daktari, nyumba yangu imeingia pombe."

Binti yake ni mpishi katika hoteli ya watalii Arusha, na alikuja nyumbani kula sikukuu akiwa na jungu la umeme, lile linalopika polepole kwa saa nyingi. Akawapikia mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe na viazi aliofundishwa kazini, unaoitwa mchuzi wa Kiayalandi. Familia ilikula ikasifu. Mama akajaza bakuli akampelekea jirani yake, bibi kizee aliyekwisha kuhiji. Jungu likazimwa, mchuzi uliobaki ukalala humo humo hadi asubuhi, na wajukuu wakaupata kwa mkate. Mchana mama alipokwenda kumwaga taka akaikuta chupa ya bia nyeusi. Binti alipoulizwa akajibu: "Mama, pombe yote imepaa na mvuke, iliyobaki ni ladha tu."

Mama alikuwa na maswali matatu. Je, ni kweli pombe imepaa yote? Je, sala zake hazitakubaliwa siku 40? Na je, watoto wanaumwa kwa sababu ya bia ile? Nimeona niyajibu hapa, kwani hii si nyumba pekee inayopikiwa na kijana aliyejifunza upishi hotelini.

Je, pombe hupaa yote jikoni?

Jibu ni hapana. Wanaosema hivyo hutoa hoja kwamba kileo huchemka kwenye nyuzi joto 78 na maji huchemka kwenye 100, hivyo kileo lazima kitangulie kuondoka chote. Hoja hiyo ingekuwa sawa kama kileo kingekuwa peke yake. Kikishachanganyika na maji ya mchuzi huondoka kidogo kidogo pamoja na mvuke wa maji, na sehemu yake hubaki.

Idara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali linaloonyesha kileo kinachobaki katika chakula kinachochemshwa. Baada ya dakika 15 hubaki asilimia 40. Baada ya saa 1 hubaki asilimia 25. Baada ya saa 2 hubaki asilimia 10, na baada ya saa 2 na nusu bado ipo asilimia 5. Tuchukue bia ya nusu lita yenye kileo asilimia 5. Hiyo ina mililita 25 za kileo. Mchuzi ukichemka saa nzima, takriban mililita 6 zimo ndani ya sufuria.

Na jungu la umeme ndilo linalobakisha zaidi, kwa sababu moto wake ni mdogo na mfuniko wake hauondolewi. Mvuke unapanda, unagusa mfuniko, unageuka matone na kurudi kwenye mchuzi. Kilichopaa kinarudi.

Nitasema ukweli kama mtu wa tiba: kiasi hicho kikigawanywa kwenye mabakuli ya watu sita hakimlevyi mtu. Lakini sheria yetu haikusubiri mtu alewe. Mtume (S.A.W) amebainisha kwamba kitu ambacho kingi chake hulevya, basi hata kidogo chake ni haramu. Qur'an Tukufu katika Surat al-Maida, aya ya 90, imeuita ulevi uchafu katika kazi za shetani na kutuamrisha tujiepushe nao. Aidha, Mtume (S.A.W) hakumlaani mnywaji peke yake, bali pia anayeuza, anayenunua, anayebeba na anayebebewa. Kwa hiyo hata kama kileo chote kingepaa, Muislamu tayari amekwisha kuinunua chupa ile na kuiingiza nyumbani kwake. Sufuria haliwezi kuifuta safari hiyo.

Sala za mama yule

Mama alikuwa amesikia darsa juu ya mtu anayekunywa pombe kwamba sala yake haikubaliwi siku 40, na alikuwa amejawa na hofu. Nikamwambia: mama, onyo hilo ni kwa anayekunywa huku anajua. Wewe ulikula bila kujua. Surat al-Ahzab, aya ya 5, inatufundisha kuwa hakuna dhambi katika tulilokosea, bali lipo katika lile ambalo nyoyo zimelikusudia. Usiache hata rakaa moja. Na hata huyo mnywaji hatakiwi kuacha kusali. Anatakiwa atubu na aendelee. Nilimshauri pia amuone shekhe wa msikiti wake ili moyo utulie.

Na jirani je? Aliona haya kumwambia. Nilimsihi aende siku ile ile, kwa sababu huenda bakuli la mchuzi lilikuwa bado halijaisha. Alikwenda na binti yake. Bibi yule aliwasamehe, akaumwaga uliobaki, na akamwombea dua binti badala ya kumsema. Hilo nalo ni somo kwetu. Kijana anayekosea jikoni kwa kutojua anafundishwa, hafukuzwi.

Kilichowaumiza watoto

Sasa tuje kwenye tumbo. Watoto hawakuharishwa na bia. Walikula mchuzi uliolala usiku kucha ndani ya jungu lililozimwa, ukapashwa moto juu juu tu. Yupo bakteria anayeitwa Clostridium perfringens, ambaye huishi kwenye udongo na kwenye matumbo ya wanyama na watu. Hutengeneza mbegu ngumu isiyokufa kwa kuchemshwa kwa kawaida. Mchuzi ukianza kupoa polepole mbegu huchipua, na katika nyama vuguvugu huzaliana kwa kasi kubwa. Mtu akila, baada ya saa 6 hadi 24 tumbo humsokota na kuharisha. Dalili za wajukuu wale na saa zake zilifanana na hayo.

Ndiyo maana ugonjwa huu hupenda masufuria makubwa: ya harusi, ya khitma, ya Maulid, ya futari ya pamoja. Sufuria kubwa hupoa polepole mno. Shirika la Afya Duniani linatufundisha kwamba chakula kilichopikwa kikae kwenye joto zaidi ya nyuzi 60 au baridi chini ya nyuzi 5, na kisiachwe nje zaidi ya saa 2. Katikati ya hapo ndipo vijidudu hustawi.

Watoto tuliwapa maji ya ORS na vidonge vya zinki, wakapona. Mtoto anayeharisha akionekana mlegevu, macho yameingia ndani, hawezi kunywa au choo kina damu, asingojwe nyumbani.

Waayalandi wenyewe walianzaje?

Mchuzi wa asili wa Ireland hauna bia. Ulikuwa chakula cha watu maskini: nyama ya kondoo, viazi, vitunguu na maji, basi. Nyama ya ng'ombe na bia nyeusi viliingia baadaye. Hivyo asiye na bia hapungukiwi na asili yoyote.

Bia nyeusi inafuatwa kwa rangi yake, uchungu kidogo na harufu ya kitu kilichokaangwa. Na hivyo vyote, kwa sehemu kubwa, vinatoka kwenye shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi. Kileo huja baadaye, pale hamira inapoyachachua maji ya shayiri. Sasa shayiri ina kosa gani? Ni nafaka halali, na Bibi Aisha (R.A) amepokea kwamba uji wa shayiri, talbina, humtuliza mgonjwa na mwenye huzuni. Basi tuichukue ladha pale ilipo, kabla haijachachuliwa.

Namna ya kupika

Chukua nyama ya ng'ombe kilo 1 ya shingo, kifua au muundi. Hizi ni nyama ngumu na za bei nafuu, lakini ndizo zinazofaa, kwa sababu kano zake huyeyuka kwa moto mdogo wa muda mrefu na kuufanya mchuzi uwe mzito. Steki haifai hapa, itakauka. Tayarisha viazi mviringo kilo 1, karoti 4, vitunguu maji vikubwa 4, punje 5 za vitunguu saumu (vya Mbulu vina nguvu, 4 vinatosha), nyanya 2, kipande cha tangawizi, pilipili manga na chumvi.

Kaanga shayiri vijiko 2 vikubwa kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, ukigeuza hadi iwe rangi ya kahawia iliyokoza kama kahawa. Usiiache iungue ikawa mkaa. Itwange au isage. Kama huna shayiri, kaanga unga wa ngano vijiko 2 kwa namna hiyo hiyo, kisha ongeza kikombe kidogo cha kahawa chungu.

Paka nyama chumvi na pilipili manga, ikaange kwenye mafuta kidogo hadi iwe ya kahawia pande zote, uitoe. Kwenye mafuta yale yale weka vitunguu maji na uvikaange polepole kwa dakika 20 hadi viwe vyekundu. Hapo usiharakishe, rangi ya mchuzi inatoka hapo. Tia vitunguu saumu, tangawizi, nyanya na shayiri. Rudisha nyama, mimina vikombe 4 vya maji ya moto, na acha uchemke hasa.

Ukichemka, punguza moto. Kwenye jiko la mkaa funika makaa kwa majivu, ufunike sufuria, na uache saa 2. Kisha weka viazi na karoti, upike saa 1 nyingine. Mwisho tia kijiko 1 cha siki au maji ya ukwaju kidogo, ili kuukata uzito wa mafuta. Siki ni halali, na Mtume (S.A.W) ameisifia kuwa kitoweo kizuri. Mchuzi huu huliwa kwa mkate, chapati au wali wa Magugu.

Mwenye jungu la umeme ahamishie humo mchuzi ukiwa umekwisha kuchemka, viazi na karoti vikae chini ya nyama, apike saa 8 kwa moto mdogo au saa 4 hadi 5 kwa moto mkubwa. Nyama iliyoganda barafu isiwekwe humo. Umeme ukikatika, hamishia jikoni mara moja. Kama hukuwepo nyumbani na hujui ulikatika kwa muda gani, mwaga. Na maharage yasipikwe kwenye jungu hilo bila kwanza kulowekwa na kuchemshwa kwa nguvu dakika 10 jikoni, kwani maharage mekundu yana sumu ambayo moto mdogo hauiui.

Tahadhari nyingine tatu

Kwanza, nunua nyama ya halali yenye muhuri wa mkaguzi. Mwanzoni mwa mwaka 2007 mkoa wetu wa Manyara ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyokumbwa na homa ya Bonde la Ufa, na nchini walikufa watu zaidi ya 100. Wengi wa waathirika wa ugonjwa huo hupata maambukizi kwa kuchinja, kuchuna au kushika nyama ya mnyama mgonjwa. Kibudu nacho Uislamu umekiharamisha, na tiba inaunga mkono, kwani huenda kimekufa kwa kimeta.

Pili, jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala. Usiku wa Juni na Julai Babati ni baridi, na wapo wanaoliingiza sufuria likitokota ili wapate joto. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Tatu, mchuzi uliobaki ugawe kwenye vyombo vifupi ili upoe haraka, na uingie kwenye friji kabla ya saa 2. Ukiupasha, uchemke kabisa hadi katikati.

Na asiye na friji? Mtume (S.A.W) alimuusia Abu Dharr (R.A) kwamba apikapo mchuzi aongeze maji yake na awakumbuke majirani. Basi usiulaze. Ukiwa bado wa moto, jaza bakuli umpelekee jirani. Lakini kumbuka kwamba jirani hakuona ulichotia kwenye sufuria, anakula kwa kukuamini wewe. Mpe kilicho halali na kilicho safi.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.