Kilo Tano Juu ya Atlantiki

Jioni ya tarehe 9 Agosti 2003, katika Rasi ya Spear, ncha ya mashariki ya kisiwa cha Newfoundland nchini Kanada, ndege moja ilirushwa kwa mkono kuelekea Ulaya. Mabawa yake yalikuwa na upana wa kama mita 1.8 kutoka ncha hadi ncha, na uzito wake pamoja na mafuta haukufika kilo 5. Mbele yake kulikuwa na kilomita 3,000 za maji.

Mwenye ndege hiyo, Mmarekani Maynard Hill, alikuwa na umri wa miaka 77. Macho yalikuwa yamefifia kiasi kwamba kisheria alihesabiwa kipofu, na masikio yalisikia kwa taabu. Kazi iliyomlisha ilikuwa utaalamu wa metali katika Maabara ya Fizikia Tumizi ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, lakini tangu utotoni moyo wake ulikuwa kwenye ndege ndogo, na baadaye zile za kuongozwa kwa redio. Mwaka 1970 alikwishapandisha moja hadi kimo cha zaidi ya mita 8,000. Alivumbua pia njia ya kuisawazisha ndege kwa kutumia umeme wa asili uliotanda angani: umeme huo hubadilika kadiri mtu anavyopanda kutoka ardhini, kwa hiyo ndege ikilala upande, vihisio vya ncha mbili za mabawa hupata vipimo tofauti, na usukani hurekebishwa.

Kwa nini kuvuka bahari kwa ndege ndogo kuwe jambo gumu, ilhali kubwa huvuka kila saa? Jibu limo katika hesabu ya maumbo. Ukipunguza urefu wa ndege kwa nusu, eneo la ngozi yake linalosuguana na hewa hubaki robo, lakini ujazo wa tangi hubaki sehemu moja tu ya nane. Mafuta hupungua haraka kuliko ukinzani. Zaidi ya hayo, bawa likiwa dogo na mwendo ukiwa wa polepole, unato wa hewa huanza kutawala: tabaka la hewa linaloambaa juu ya bawa hubanduka kwa urahisi, nguvu ya kuinua hupungua na ukinzani huongezeka. Ndiyo maana anayechukua ramani ya ndege ya abiria na kuipunguza tu hupata ndege mbovu. Ndege ndogo hubuniwa upya kuanzia mwanzo.

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, ziliongeza ugumu: kwa rekodi, ndege isizidi kilo 5 ikiwa imejaa mafuta, na injini isizidi sentimita za ujazo 10. Kila gramu ya mbao ilikuwa gramu ya mafuta iliyokataliwa. Hill alijenga kwa balsa, mti wa Amerika ya joto ambao ubao wake ni miongoni mwa mbao nyepesi kuliko zote, akauimarisha kwa nyuzi za kioo. Ndege tupu ilikuwa na uzito wa karibu kilo 2.7, sehemu kubwa ya kilo zilizosalia ilikuwa mafuta.

Mafuta yenyewe yalikuwa uamuzi wa kikemia. Injini za ndege hizi kwa kawaida huchoma methanoli, ambayo kwa kila gramu hubeba takriban nusu ya nishati iliyomo katika petroli. Kwa safari ya dakika kumi hilo halidhuru. Kwa safari ya siku mbili ni kifo. Hill akageukia mafuta mepesi yanayouzwa kwa ajili ya taa na majiko ya kambini, akaifanyia injini marekebisho mpaka ikanywa kama gramu 60 kwa saa, yaani kama kikombe kidogo cha kahawa chungu.

Mawimbi ya redio ya mwongozaji hayafiki katikati ya bahari. Baada ya mtu aliye ardhini kuipandisha ndege, mtambo wa kujiongoza ulishika usukani, ukiiweka kwenye kimo cha kama mita 300 na kuifuatisha njia kwa msaada wa setilaiti. Majaribio kadhaa ya awali yalikuwa yameishia majini, na safari hii nayo ilipitia muda ambao taarifa za ndege zilikatika, isijulikane kama bado inaruka. Kisha zikarudi.

Tarehe 11 Agosti, saa 8 mchana kwa saa za Ireland, ndege ilitokea juu ya pwani ya Mannin, karibu na mji wa Clifden. Dave Brown, aliyekuwa rais wa chama cha ndege za mfano cha Marekani, aliishika kwa redio na kuitua. Ilikuwa imeruka saa 38 na dakika 52, na tangini yalibaki matone tu. Mwaka 1919, Alcock na Brown mwingine, waliofanya safari ya kwanza ya ndege kuvuka Atlantiki bila kutua, walitoka Newfoundland vilevile na kufikia karibu na mji huohuo.

Hill alifariki mwaka 2011. Wengi wangeiita shughuli yake mchezo, nami naona neno hilo linamstahi kuliko linavyomshusha. Maabara yenye bajeti hudai matokeo kila mwaka. Mchezo humruhusu mtu kushikilia swali moja kwa miaka 60, akibadilisha kabureta, akipima, akijenga tena. Macho yalipomwacha, vidole vilikuwa vimekwisha kujifunza. Kila suluhisho lililoibeba ndege ile, kuanzia balsa hadi mafuta, lilipatikana hivyo, jaribio baada ya jaribio. Kijana anayekata mabawa na kuyapiga msasa ili yalingane uzito anafanya sayansi kamili, na anastahili kupewa muda, vifaa na uwanja wa kurushia.