Tanga la Jahazi na Kazi ya Kuligeuza

Kwenye kuta za magofu ya Kilwa na Gede imo michoro ya vyombo iliyokwaruzwa kwenye plasta karne kadhaa zilizopita. Anayetarajia kuona tanga la jahazi, lile linalopamba kadi za posta za Lamu na Unguja, hukuta badala yake vyombo vyenye tanga la mraba kwenye mlingoti mmoja. Wachoraji hawakukosea. Tanga hilo ndilo lililokuwa la mtepe, chombo cha Wabajuni wa visiwa vya Lamu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, na lenyewe lilikuwa mkeka uliosukwa kwa miyaa. Mbao zilizoshonwa hunyumbuka, kwa hiyo mtepe uliweza kupanda ufukweni bila kupasuka. Ubaya wake ni kuwa ulivuja, na mabaharia walishinda wakiteka ngama.

Jahazi ni habari nyingine.

Tanga lake hufungwa kwenye foromali, mti mrefu ambao kwenye vyombo vikubwa hauwi mmoja, bali vipande vilivyounganishwa na kukazwa kwa kamba. Henza, kamba ya kupandishia foromali, hupita juu ya mlingoti; jarari, kamba ya kuvutia, hupita kwenye abedari, yaani kapi; na mabaharia huvuta kwa wimbo hadi foromali ikae mshazari: ncha ya mbele chini karibu na omo, ya nyuma juu angani. Kona ya mbele ya tanga hukazwa upande wa joshi, ya nyuma hushikwa na demani, kamba ya kuongozea tanga. Demani ikivutwa, chombo huweza kwenda joshi, karibu na upepo unakotoka. Ikilegezwa, chombo hukimbia na upepo.

Shida iko kwenye kugeuza. Foromali kwa kawaida hukaa upande wa mlingoti usiopigwa na upepo. Nahodha akipindua kwa kupeleka omo kwenye upepo, kama wafanyavyo wenye yoti, tanga zima hubanwa kwenye mlingoti, na upepo ukiwa mkali mlingoti wenyewe huweza kukatika. Kwa hiyo chombo kikubwa hugeuzwa kwa tezi, yaani kwa upande wa nyuma. Usukani huzungushwa mpaka upepo uje nyuma, demani huachiwa, foromali husimamishwa wima kando ya mlingoti, kisha mabaharia hukimbia na kona ya tanga kuipitisha mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Hapo ndipo sauti ya nahodha husikika bandari nzima. Tena tanga hili halipunguzwi kwa kukunjwa: upepo ukizidi, hushushwa lote likafungwa jingine dogo.

Kwa nini basi watu wavumilie usumbufu wote huo? Kwa sababu safari zenyewe hazikudai kugeuza mara kwa mara. Kaskazi huvuma miezi kadhaa kutoka upande mmoja, kisha kusi huvuma kutoka upande wa pili, na chombo huweza kwenda siku nyingi tanga likiwa palepale. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyezoea merikebu kubwa za matanga ya mraba, aliliona hilo msimu wa 1938–39 akiwa ndani ya Bayan, bumu la Kuwait la nahodha Ali bin Nasser al-Nejdi. Walishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa, Zanzibar na Rufiji, wakapakia boriti za mikoko, wakarudi na kusi.

Aliyedharau mpango huo aliadhibiwa. Vasco da Gama aliondoka Malindi Aprili 1498 na kufika pwani ya Calicut chini ya mwezi mmoja, kwa msaada wa kiongozi wa njia aliyepewa hapo Malindi. Merikebu zake kubwa zilikuwa na matanga ya mraba kwenye milingoti miwili ya mbele na la mshazari kwenye ule wa nyuma, basi hakupungukiwa vifaa. Ila kurudi hakungoja kaskazi ishike. Bahari ileile ilimchukua karibu miezi mitatu, kiseyeye kikaua watu wengi, na Januari 1499 akaichoma moto merikebu yake São Rafael kusini ya Mombasa kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha.

Mvuvi wa ngalawa hawezi kungoja msimu. Anatoka alfajiri na kurudi siku hiyohiyo kwa upepo wowote uliopo. Chombo chake ni gogo lililochongwa, jembamba mno kubeba tanga peke yake, ndiyo maana kina matengo pande zote mbili. Matengo hayo ni mbao zilizowekwa kwa kuinama kidogo, hivyo ngalawa ikishika mwendo maji huyasukuma juu yasizame. Mashua za Lamu hutumia njia nyingine: ubao hutokezwa nje upande wa joshi na mabaharia hukaa juu yake ili chombo kisilale.

Msomaji atakayesimama kwenye gati la Lamu au Forodhani, Unguja, chombo kikipita, asianze na rangi ya tanga. Atazame foromali iko upande gani wa mlingoti. Mara nyingi upepo utakuwa unatoka upande wa pili.